Dk. Williamson: Msomi wa miamba aliyeifungua Mwadui

NI nadra kumkuta mkazi wa Shinyanga asiyelijua jina la Williamson. Ndilo jina la kampuni inayochimba almasi Mwadui, wilayani Kishapu, na ndilo jina la mgodi wenyewe katika vitabu vya madini duniani kote. Hata hivyo, wengi wanaolitaja jina hilo humfikiria mtu mmoja tu: Mzungu mwenye bahati aliyeokota jiwe chini ya mbuyu, akalala maskini na kuamka tajiri.

Simulizi hiyo ni tamu, lakini inamnyima marehemu haki yake. Dk. John Thoburn Williamson alikuwa mwanasayansi kwanza na tajiri baadaye. Aliipata Mwadui kwa sababu alijua kuusoma udongo, akausoma kwa miaka kadhaa wakati watu wenye mitaji mikubwa kuliko yeye walikwisha kata tamaa na kufunga virago.

Alifariki dunia Januari 1958 hapohapo Mwadui, akiwa na umri wa miaka 50. Mgodi wake ulibaki, na swali moja likabaki nao: utajiri ulioko ardhini unamnufaisha nani, na kwa muda gani? Swali hilo limepata uzito mpya, kwa kuwa maabara za ng'ambo sasa zinatengeneza almasi kwa gesi na mawimbi ya redio, bila kugusa koleo wala sururu.

Kutoka Quebec hadi Usukuma

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907 huko Montfort, kijiji kilichomo katika misitu ya jimbo la Quebec nchini Canada. Baba yake alikuwa mtu wa biashara ya mbao mwenye asili ya Ireland. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, njia iliyotarajiwa mbele yake ilikuwa ya sheria.

Kilichombadilisha ni safari ya kikazi ya majira ya joto kwenda Labrador, akiwa na timu ya wataalamu wa miamba. Aliporejea chuoni aliiacha sheria, akaingia jiolojia na kuizamia. Alipata shahada ya kwanza mwaka 1928, ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu mwaka 1933. Kwa kijana wa miaka 26, katika miaka ambayo uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka na ajira zimekauka, hiyo ilikuwa elimu kubwa isiyo na soko karibu na nyumbani.

Soko lilikuwa Afrika. Katikati ya miaka ya 1930 alikwenda Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kufanya utafiti wa madini. Kutoka huko alivuka kuja Tanganyika, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, eneo ambalo sasa limo katika wilaya ya Misungwi mkoani Mwanza.

Kanda ya Ziwa ya wakati ule haikuwa na habari kubwa na almasi. Macho ya wawekezaji yalikuwa kwenye dhahabu. Huko Geita mgodi mkubwa ulikuwa ukianzishwa katika muongo huohuo, na ungekuja kuwa mkubwa kuliko yote ya dhahabu Afrika Mashariki kabla ya kufungwa mwaka 1966. Almasi za Mabuki zilionekana kama makombo: zilikuwapo, lakini hazikutosha kulipa gharama.

Kampuni iliyomwajiri ilifikia uamuzi wa kuondoka. Hapo ndipo maisha ya Williamson yalipochukua mkondo wake. Badala ya kufungasha, aliuchukua mgodi huo uliochoka akauendesha mwenyewe, akiishi kwa almasi chache alizozipata na kwa mikopo. Miongoni mwa waliomsaidia kwa fedha na ushauri ni I. C. Chopra, mwanasheria wa Kihindi aliyekuwa akifanya kazi mjini Mwanza, ambaye baadaye alikuja kuwa mwanahisa na mkurugenzi katika kampuni yake.

Kusoma udongo

Ili kuelewa alichokuwa akikitafuta, yafaa kujua almasi inatoka wapi. Almasi ni kaboni, kitu kilekile kilichomo kwenye makaa ya kupikia, iliyobanwa kwa shinikizo kubwa na joto kali katika kina cha zaidi ya kilometa 150 chini ya ardhi. Inafika juu kwa njia ya milipuko ya kale ya volkano, ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti, ambao hupanda katika umbo la bomba lililopanuka juu mithili ya faneli.

Kimbalaiti ni mwamba laini. Ukipigwa na jua na mvua kwa mamilioni ya miaka huoza na kuwa udongo, hivyo hauachi kilima cha kuuonyesha. Katika nchi tambarare kama ya Usukuma, yenye mbuga za udongo mweusi na nyasi, mtu anaweza kuchunga ng'ombe juu ya bomba la almasi maisha yake yote asijue. Almasi zenyewe ni chache mno kuweza kuwa kielelezo. Katika Mwadui ya miaka ya karibuni, tani 100 za mwamba zimekuwa zikitoa karati sita hivi, yaani uzito wa gramu moja na ushei.

Lakini kimbalaiti husafiri na wenzake. Ndani yake mna chembe za madini mengine, hasa ilmenaiti iliyo nyeusi na ganeti iliyo nyekundu kama divai, ambazo ni nyingi kuliko almasi na hazina thamani sokoni. Mvua huzisambaza, na mchwa huzipandisha kutoka chini wanapojenga vichuguu vyao. Anayezijua anaweza kuzifuata kama mwindaji afuatavyo nyayo: zinapopungua amepotea njia, zinapozidi amekaribia.

Ndivyo alivyofanya Williamson. Akiwa na wasaidizi wachache wa Kiafrika, alichimba vishimo, akaosha udongo, akachekecha, akaangalia kilichobaki, kisha akasogea mbele na kuanza upya. Majina ya wasaidizi hao hayatajwi sana vitabuni, ingawa mikono iliyoosha udongo huo ilikuwa yao. Kazi hiyo ilifanyika katika jua la Shinyanga, kwa magari mabovu, na mifuko ikizidi kutoboka kila mwezi uliopita.

Machi 1940 chembe hizo zilimfikisha Mwadui, kilometa zipatazo 140 kusini mwa Mwanza. Simulizi za gari lililopata pancha na jiwe lililong'aa chini ya mbuyu zilizaliwa hapo. Yawezekana mbuyu ulikuwapo, maana Shinyanga haijawahi kukosa mibuyu. Lakini hata kama gari lingesimama mahali pengine, njia aliyokuwa akiifuata ilikuwa ikielekea huko huko.

Alichokikuta kiliwashangaza hata wataalamu wenzake. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 juu ya ardhi, sawa na viwanja 200 hivi vya mpira wa miguu. Ni zaidi ya mara nne ya bomba maarufu la Cullinan nchini Afrika Kusini, ambako ilitoka almasi kubwa kuliko zote za vito duniani. Sababu ya ukubwa huo ni kwamba sehemu ya juu ya volkano hiyo, ambayo kwingineko imekwisha liwa na mmomonyoko, hapa ilibaki. Ndani ya kinywa chake kulikuwa na ziwa, na matope ya ziwa hilo yakawa kama kifuniko juu ya hazina.

Wakati huohuo, Birmingham

Majuma machache kabla ya ugunduzi wa Mwadui, tukio jingine lilitokea mbali sana na Usukuma. Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham nchini Uingereza, wanafizikia John Randall na Harry Boot waliwasha kwa mara ya kwanza kifaa kilichoitwa magnetroni. Kilikuwa bonge la shaba lenye matundu, lililoweza kutoa mawimbi ya mikrowevu, yaani mawimbi mafupi ya redio, kwa nguvu ambayo haikuwahi kufikiwa.

Kifaa hicho kiliwezesha rada kuwa ndogo kiasi cha kubebwa na ndege, na hivyo kubadili mwendo wa Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita kikaingia jikoni, ndani ya oveni za kupashia chakula. Hakuna aliyeweza kufikiri wakati ule kwamba mawimbi hayo siku moja yangekuwa mshindani wa shimo la Mwadui. Lakini hilo lilikuja baadaye sana, Williamson akiwa amekwisha zikwa.

Vita hiyo ilimkwamisha na kumsaidia kwa pamoja. Ilimkwamisha kwa sababu mitambo mipya haikupatikana. Williamson alilazimika kuunga vyuma chakavu na injini zilizotumika ili kuosha na kuchekecha kokoto zake. Ilimsaidia kwa sababu viwanda vya silaha vilihitaji almasi kwa udi na uvumba. Jiwe hilo, ambalo wengi hulijua kwa pete, ndilo gumu kuliko yote yatokayo ardhini, na bila hilo isingewezekana kuchonga vyuma vigumu, kunoa zana wala kuvuta nyaya nyembamba za mitambo. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds Limited iliandikishwa rasmi.

Namna ya kutenganisha almasi na mchanga nayo ni elimu. Almasi ni nzito kuliko kokoto za kawaida, hivyo maji yakitikiswa vizuri huiacha ichukue nafasi ya chini. Aidha, almasi haishikamani na maji lakini hunasa kwenye grisi. Ukimimina kokoto zilizolowa juu ya meza iliyopakwa grisi, mawe mengine huteleza na kwenda zake, almasi hubaki imenata. Miaka ilivyosonga ikaongezwa mitambo ya eksirei, kwa kuwa almasi ikimulikwa kwa miale hiyo hutoa mwanga, nayo mashine huuona mwanga huo na kulipuliza jiwe pembeni kwa hewa.

Jiwe la waridi

Oktoba 1947 Mwadui ilitoa jiwe lililoitangaza kuliko tangazo lolote. Lilikuwa na karati 54.5 na rangi ya waridi iliyokolea, rangi ambayo ni adimu mno katika almasi. Williamson hakuliuza. Alilitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa Novemba mwaka huo.

Jiwe hilo lilikatwa na kung'arishwa mjini London mwaka 1948, likabaki na karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka ambao Elizabeth alitawazwa rasmi kuwa malkia, sonara wa Cartier walilipachika katikati ya pambo la kubandika kifuani lenye umbo la ua, likizungukwa na almasi nyeupe. Malkia alilivaa katika shughuli nyingi za kifalme hadi uzeeni, na aliendelea kuwa nalo hadi alipofariki mwaka 2022.

Zawadi hiyo yaweza kusomwa kwa namna mbili. Kwa Williamson ilikuwa ukarimu wa raia wa Dola la Uingereza kwa mrithi wa kiti chake. Kwa anayeitazama kutoka Kishapu, ni jiwe la Usukuma lililokwenda Ulaya bila mwenyeji yeyote kuulizwa. Sheria za kikoloni hazikumtaka mtu amwulize, na Williamson hakuvunja sheria yoyote.

Mtu mmoja na soko la dunia

Katika miaka hiyo biashara ya almasi duniani ilikuwa mikononi mwa De Beers ya Afrika Kusini, iliyonunua mawe kutoka karibu kila mgodi na kuyatoa sokoni kidogo kidogo ili bei isishuke. Mgodi mkubwa uliosimama peke yake, chini ya mtu mmoja asiye na wanahisa wa kumsukuma, ulikuwa kama mwiba ndani ya kiatu cha kampuni hiyo.

Mwaka 1947, baada ya mazungumzo marefu, Williamson alikubali kuingia katika umoja wa wazalishaji na kuuza kwa mgawo. Lakini hakuwa mtu wa kuridhika haraka. Miaka ya mwanzo ya 1950 ilizuka mivutano kuhusu bei na kiwango cha mgawo, naye akayazuia mawe yake, akayarundika Mwadui badala ya kuyauza kwa bei aliyoiona si halali. Suluhu ilipopatikana, serikali ya kikoloni ilipumua, kwa kuwa almasi ilikuwa tayari miongoni mwa bidhaa muhimu ambazo Tanganyika iliziuza nje, na kodi yake ilikuwa tegemeo.

Kwa nje Williamson alifahamika kama mmoja wa watu matajiri sana duniani. Kwa ndani alikuwa mtu mpweke, mkimya, asiyeoa na asiyependa wageni wala waandishi. Hakujenga kasri Ulaya. Aliishi mgodini, na fedha nyingi aliziweka mgodini. Mwadui ikageuka mji kamili katikati ya mbuga: nyumba za wafanyakazi, hospitali, shule, maduka, umeme, bwawa la maji na kiwanja cha ndege.

Wasukuma wengi walipata hapo ajira yao ya kwanza ya mshahara, na wengine ufundi waliokuja kuutumia kwingine maisha yao yote. Hata hivyo, mji huo haukuwa kisiwa nje ya ukoloni. Ngazi za vyeo, mishahara na makazi zilifuata rangi, kama ilivyokuwa Tanganyika nzima. Mwafrika alikuwa mwingi shimoni na haba ofisini, na elimu ile ya kusoma udongo iliyomtajirisha bwana mwenye mgodi haikuwa miongoni mwa alivyofundishwa.

Kifo na urithi

Mwaka 1955 kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza kwamba imefaulu kutengeneza almasi kwa mitambo ya shinikizo na joto kali, ikiiga kinachotendeka chini ya ardhi. Zilikuwa punje ndogo za viwandani, zisizofaa kwa pete. Lakini kwa mara ya kwanza dunia iliambiwa kwamba almasi ya matumizi ya zana yaweza kupatikana bila mgodi.

Williamson hakuishi kuona matokeo ya habari hiyo. Aliugua saratani ya koo, na Januari 1958 akafariki. Kwa kuwa hakuwa na mke wala mtoto, mali ilikwenda kwa ndugu zake. Miezi michache baadaye, Agosti 1958, wakauza kampuni kwa takriban pauni milioni nne. Wanunuzi walikuwa wawili kwa nusu kwa nusu: De Beers, ambayo marehemu alipambana nayo miaka yote, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika.

Hivyo Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, ilirithi nusu ya mgodi wa almasi. Kwa taifa changa lisilokuwa na viwanda, huo haukuwa urithi mdogo. Miaka ya mwanzo ya 1970 Serikali iliuchukua mgodi wote. Uzalishaji ulishuka kadiri mitambo ilivyochakaa na kokoto tajiri za juu zilivyokwisha, hadi De Beers iliporejea mwaka 1994 kwa asilimia 75, Serikali ikibaki na 25. Mwaka 2009 nafasi ya De Beers ilichukuliwa na Petra Diamonds.

Tangu mwaka 1940 shimo la Mwadui limetoa zaidi ya karati milioni 19. Wakati huohuo wakazi wa vijiji vinavyoizunguka wamekuwa na maisha yao. Wapo walioajiriwa, wapo wanaouza na kununua mawe Maganzo, na wapo wanaoitwa wabeshi, vijana wanaoingia usiku kuchekecha mchanga wa mgodi kama wenzao wa Geita wanavyogombea magwangala. Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likafunika mashamba na makazi ya jirani.

Dhahabu, almasi na atomi

Huko ng'ambo, wakati Mwadui ikipanda na kushuka, almasi ilikuwa ikipata kazi ambazo Williamson hakuziota. Mwaka 1986 Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber walichapisha habari za chombo kipya kilichovumbuliwa katika ushirikiano wa IBM na Chuo Kikuu cha Stanford cha Marekani. Quate alikuwa amejipatia jina kwanza katika elektroniki za mikrowevu. Binnig alikuwa mmoja wa waliovumbua hadubini iliyoweza kuonyesha atomi moja moja juu ya metali, kazi iliyompatia Tuzo ya Nobel mwaka huohuo yeye na Heinrich Rohrer.

Chombo chao kipya hakikutumia lenzi wala mwanga. Kilipapasa. Kilikuwa na ncha kali sana iliyopita juu ya kitu kama kidole cha kipofu kinavyopita juu ya maandishi yenye nundu, na kila ncha ilipopanda au kushuka, kompyuta ilichora. Kwa njia hiyo iliwezekana kuona maumbo madogo kufikia kipimo cha atomi, hata kwenye vitu visivyopitisha umeme.

Ncha ya chombo hicho cha kwanza ilikuwa kipande cha almasi. Kilibandikwa kwenye kibao chembamba kilichokatwa kutoka karatasi ya dhahabu, chenye urefu usiofikia milimita moja. Dhahabu kwa ajili ya kunesa, almasi kwa ajili ya ugumu: madini yaleyale mawili ambayo Geita na Shinyanga zimeyatoa kwa makumi ya miaka, yakiwa yametumika kwa kiasi kisichoweza hata kupimwa kwenye mizani ya sonara. Thamani haikuwa katika uzito wake. Ilikuwa katika akili iliyojua yawekwe wapi.

Mawimbi ya mikrowevu nayo yalirudi kwa mlango mwingine. Mwaka 1983 watafiti wa Japan walionyesha kwamba gesi ya methani ikichanganywa na hidrojeni na kupigwa mikrowevu ndani ya chumba chenye hewa haba, hugeuka mvuke unaowaka uitwao plazma, na kaboni yake hujipanga tabaka juu ya tabaka hadi kuwa almasi halisi. Chanzo cha mawimbi katika mitambo ya namna hiyo mara nyingi ni magnetroni, mzao wa kile kifaa cha Birmingham cha Februari 1940.

Si kioo wala bandia. Ni almasi kwa ugumu, kwa mng'aro na kwa kemia. Maabara huitambua kwa vipimo maalumu, kama kukosa nitrojeni ambayo mawe mengi ya ardhini huwa nayo, na kwa namna tabaka zake zilivyokua. Kuanzia miaka ya 2010 mawe hayo yalianza kumiminika madukani, bei zake zikashuka kwa kasi, na hatimaye yakaivuta chini hata bei ya almasi za migodini.

Matokeo yanasomeka katika hesabu mbili. Mwaka 2021 Mwadui ilitoa jiwe jingine la waridi, la karati 32.32, lililouzwa likiwa ghafi kwa dola za Marekani milioni 13.8. Likakatwa, likabaki na karati 11.15, likapewa jina lililobeba kumbukumbu ya Williamson, na Oktoba 2022 likanadiwa Hong Kong kwa zaidi ya dola milioni 57. Kisha Januari 2025 Petra ilitangaza makubaliano ya kuuza hisa zake zote za mgodi wa Mwadui kwa kiasi kisichozidi dola milioni 16.

Kwa maneno mengine, jiwe moja adimu lililokwisha pita mikononi mwa mafundi liliuzwa kwa zaidi ya mara tatu ya bei iliyowekwa kwa sehemu kubwa ya mgodi ulilolizaa. Mawe ya waridi bado yana bei kubwa kwa kuwa ni haba. Ni mawe ya kawaida, yale yanayolipa mishahara ya kila mwezi, yanayosukumwa na maabara.

Kinachobaki

Williamson anastahili kukumbukwa kwa yote mawili: kile alichokifanya na kile ambacho hakukifanya. Alithibitisha kwamba mtu mwenye elimu ya kweli na subira anaweza kuona utajiri pale ambapo kampuni nzima imeona hasara. Alijenga mji, akaisimamisha Tanganyika katika ramani ya almasi, akakataa kupangiwa bei na wakubwa wa soko. Lakini elimu yenyewe aliondoka nayo. Miaka 17 tu baada ya kugundua Mwadui, kaburi lilimkuta akiwa bado ndiye macho ya mgodi.

Siku hizi Watanzania wanaosoma jiolojia, uhandisi wa migodi na fizikia vyuoni si wachache, na wengi wa wanaoendesha mitambo ya Mwadui na Geita ni wao. Hilo ni badiliko ambalo mtu wa mwaka 1940 asingelitarajia. Kilichobaki ni hatua ndefu zaidi: kutoka kulijua jiwe lilipo hadi kujua lifanyiwe nini likishatoka. Kukata na kung'arisha ni sehemu ya hatua hiyo. Kutengeneza zana na vyombo vya sayansi ni sehemu nyingine, na ndiyo yenye faida ya kudumu.

Shimo la Mwadui lina mwisho, kama lilivyo shimo lolote, uwe umbali wake miaka michache au mingi. Chembe nyeusi za ilmenaiti alizozifuata Williamson bado zimo katika udongo wa Kishapu, zikipandishwa na mchwa kila masika, hazina bei sokoni. Zinamsubiri anayejua kuzisoma.